Wanaohesabu popo usiku bila malipo, faida ni ya mkulima

UKIMWAMBIA mkulima wa Kilosa au wa Mbozi kwamba huko Uingereza wapo watu wanaoacha vitanda vyao, wakavaa mabuti na kwenda kusimama kando ya mto usiku ili wahesabu popo, tena bila kulipwa hata senti moja, swali lake la kwanza litakuwa kama watu hao hawana kazi za kufanya. Swali la pili, akiwa mkulima kweli, litakuwa: popo hao wana faida gani?

Swali hilo la pili ndilo lenye maana, na jibu lake lina hesabu ya fedha ndani yake.

Kila kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, watu wa kujitolea nchini Uingereza hushiriki katika mpango wa taifa wa kufuatilia idadi ya popo. Mpango huo ulianza mwaka 1996 na unasimamiwa na asasi ya hifadhi iitwayo Bat Conservation Trust, ikishirikiana na taasisi ya serikali inayoishauri kuhusu mazingira. Wanaofanya kazi yenyewe si wanasayansi pekee. Wamo walimu, wauza duka, wastaafu, wanafunzi na wakulima pia. Wanachotakiwa kuwa nacho ni masikio mazuri, subira na usiku miwili ya kutoa sadaka kwa mwaka.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ambako jua huzama saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, au karibu na hapo, ni vema kueleza jambo moja. Mwezi Juni kusini mwa Uingereza jua huzama kama saa tatu na dakika 20 usiku. Popo hutoka baada ya hapo. Kwa hiyo mtu anayeanza kuhesabu dakika 20 baada ya machweo anarudi nyumbani karibu saa sita, na kesho yake asubuhi anatakiwa kazini kama kawaida.

Kazi yenyewe iko ya namna kadhaa. Iliyo nyepesi kuliko zote ni kuhesabu popo wanaotoka katika maskani yao, kwa mfano chini ya paa la nyumba au ghala. Hii hufanyika Juni, wakati majike wamekusanyika pamoja kwa ajili ya kuzaa. Mhesabuji hukaa nje kabla giza halijaingia, akatazama tundu wanalotokea, na kubonyeza kikaunta kidogo mkononi kila popo anaporuka. Anayerudi ndani hutolewa katika hesabu. Kazi huisha pale macho yasipoweza tena kuona.

Ya pili hufanyika Julai, mashambani. Mtu hupewa kipande cha ardhi cha kilomita moja ya mraba kilichochaguliwa kwa bahati nasibu kwenye ramani. Hakuchagua yeye, na hapo ndipo penye siri ya mpango mzima. Watu wakiachwa wachague wenyewe wataenda mahali ambapo wanajua popo wapo, na hesabu ya nchi nzima itakuwa ya uongo. Mhesabuji hutembea njia iliyopangwa ndani ya kipande hicho, akasimama kwenye vituo, na kuandika alichosikia.

Ya tatu ni ya Agosti, kando ya mito na mifereji. Hapa anayetafutwa ni popo wa Daubenton, ambaye huruka chini kabisa, karibu kugusa maji, akiokota wadudu juu ya uso wa maji kwa miguu yake. Mhesabuji huwa na vituo kumi katika urefu wa kilomita moja, na katika kila kituo husimama dakika nne akimulika maji kwa tochi na kuhesabu kila mara popo anapokatiza mwanga. Huanza dakika 40 baada ya machweo, kwa sababu popo huyo huchelewa kutoka.

Inasikika rahisi, lakini dakika nne za kusimama gizani bila kusogea, mbu wakiwa shingoni, ni ndefu kuliko zinavyoonekana kwenye saa.

Kifaa kinachosikia kisichosikika

Wengi huuliza, popo wadogo kama kidole gumba wanahesabiwaje gizani? Hawaonekani, ila wanasikika. Popo anayekula wadudu hupiga kelele mfululizo anaporuka, na mwangwi unaporudi humwambia palipo na ukuta, tawi au nondo. Kelele hizo ziko juu mno kwa sikio la binadamu. Sikio zuri la kijana hufika kilohezi 20, ilhali popo mdogo aitwaye pipistrelle wa kawaida hupiga kwenye kilohezi 45.

Wahesabuji hubeba kifaa chenye ukubwa wa redio ya mfukoni, ambacho hushusha sauti hizo hadi zisikike. Kina kitufe cha kuzungusha kama cha kutafutia stesheni. Vile vya bei nafuu vinapatikana kwa chini ya pauni 100, na baadhi ya vikundi huwaazima wanachama wao. Mtu aliyezoea hutambua aina ya popo kwa mdundo, jinsi fundi magari anavyotambua gari bovu kabla halijafika gereji. Popo anapomkaribia mdudu, midundo hukaza na kuungana ikawa mlio mmoja, mfano wa kitambaa kinachochanwa, kisha kimya. Katika kimya hicho, pengine kuna mdudu mmoja aliyepungua.

Kifaa hicho ndicho kilichofumbua jambo ambalo macho ya wataalamu yalilikosa kwa miaka mingi. Hadi miaka ya 1990 wote waliamini kuwa pipistrelle wa Uingereza wanaofanana ni aina moja. Waliposikilizwa vizuri, ikaonekana wengine hupiga kwenye kilohezi 45 na wengine 55, na uchunguzi ukathibitisha kuwa ni aina mbili tofauti.

Pipistrelle mmoja ana uzito wa gramu tano hivi, lakini anaweza kula wadudu hadi 3,000 kwa usiku mmoja. Ni kweli wengi wa wadudu hao ni vijidudu vidogo sana. Hata hivyo, zidisha mara popo 200 wa ghala moja, kisha mara siku za kiangazi kizima, uone unapofika.

Fedha iko wapi?

Hesabu ya wazi zaidi ilitoka Marekani. Mwaka 2006 watafiti walichapisha makadirio ya kazi inayofanywa na popo katika wilaya nane za kusini mwa jimbo la Texas zinazolima pamba. Popo wa huko huishi mapangoni kwa mamilioni na kula nondo ambao viwavi wao hutoboa vitumba vya pamba na magunzi ya mahindi. Zao la pamba la eneo hilo lilikuwa na thamani ya kati ya dola milioni 4.6 na milioni 6.4 kwa mwaka. Mchango wa popo, ukijumlisha pamba iliyookolewa na dawa ambayo haikulazimika kununuliwa, ulikadiriwa kuwa dola 741,000 kwa mwaka. Kwa lugha ya sokoni, ni kama mkulima amepewa kibarua anayefanya kazi usiku kucha na kudai malipo ya mahali pa kulala tu.

Makadirio ni makadirio, na wapo waliosema yametiwa chumvi. Ushahidi mwingine ulikuja kwa njia ya msiba. Mwaka 2006 katika jimbo la New York uligunduliwa ugonjwa wa ukungu unaowaua popo wakiwa katika usingizi wao wa majira ya baridi, na tangu hapo umeua mamilioni ya popo Amerika Kaskazini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Science ulilinganisha wilaya zilizofikiwa na ugonjwa huo na zile ambazo hazijafikiwa. Wakulima walioondokewa na popo waliongeza matumizi ya dawa za kuua wadudu kwa takriban asilimia 31. Hakuna aliyewaamuru kufanya hivyo. Wadudu waliongezeka, nao wakaingia dukani kununua dawa.

Utafiti wa namna hiyo hauwezekani bila mtu kujua popo walikuwa wangapi kabla na wangapi baada, na hesabu za namna hiyo hutegemea watu kama wale wanaosimama mtoni usiku.

Ng'ombe, samadi na popo wa Devon

Kwa mfugaji, kisa cha kusikilizwa ni cha jimbo la Devon, kusini magharibi mwa Uingereza. Huko wapo popo wakubwa kiasi, ambao pua zao zina umbo la kwato ya farasi. Katika karne ya 20 idadi yao nchini humo ilishuka kwa zaidi ya asilimia 90. Walipotafuta sababu, wataalamu walizikuta nyingi, zikiwemo majengo ya zamani kubomolewa, nyuzio za miti hai kung'olewa ili matrekta yapite, na malisho kugeuzwa mashamba. Lakini moja ilikuwa ndani ya samadi.

Popo hawa hutegemea sana dundu wanaozaliana katika kinyesi cha ng'ombe. Mwezi Agosti, wakati watoto wao ndio kwanza wanajifunza kuruka na hawawezi kwenda mbali, dundu hao ndio chakula chao kikuu. Ng'ombe akipewa dawa za minyoo za jamii ya ivermectin, ambazo wafugaji wa hapa pia wanazifahamu, sehemu ya dawa hutoka na kinyesi ikiwa bado na nguvu, na huua mabuu ya dundu. Mfugaji ametibu ng'ombe wake, jambo ambalo ni haki yake, lakini wakati huohuo amemfungia popo duka la chakula. Tena amejipunguzia wadudu ambao kazi yao ni kuvunja samadi na kuizika ardhini, kazi ambayo malisho yanaihitaji.

Suluhisho halikuwa kuwakataza wafugaji. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, maofisa wa hifadhi walikaa na wenye mashamba yanayozunguka maskani ya popo, na kupitia mipango ya serikali ya ruzuku za mazingira wakulima waliokubali walilipwa ili waendelee kulisha ng'ombe kwenye majani, waache nyuzio za miti zinenepe, na wawe waangalifu na dawa hizo karibu na maskani. Ni biashara ya haki, kila upande ukapata chake.

Kisha likaja swali la mlipaji yeyote: je, fedha imefanya kazi? Hapo wahesabuji wa kujitolea wakaitwa tena. Kuanzia mwaka 2016 wakazi wa Devon waliweza kuazima visanduku vya kurekodi sauti kutoka vituo mbalimbali vya jimbo hilo, wakavifunga kwenye ua wa shamba au bustani kwa siku chache, kisha wakarudisha kadi ya kumbukumbu ili sauti zichambuliwe kwa kompyuta. Popo mwenye pua ya kwato hupiga kwenye kilohezi 80 hivi, juu kuliko karibu wenzake wote, hivyo ni vigumu kumchanganya na mwingine. Mtu alilala usingizi wake na sanduku likafanya kazi. Hesabu za taifa zinaonyesha kuwa popo hao wameongezeka tangu miaka ya 1990, ingawa bado wako mbali na walikotoka.

Hofu ya mwenye shamba

Si kila mwenye shamba anayewafungulia geti kwa furaha. Sheria ya mwaka 1981 inamlinda popo pamoja na mahali anapolala, na anayeharibu maskani hayo anaweza kupigwa faini au hata kufungwa, hata kama siku hiyo popo hawakuwemo. Anayetaka kubomoa ghala la zamani au kubadilisha paa hulazimika kwanza kumlipa mtaalamu mwenye leseni aje kuchunguza. Msimu wa uchunguzi ni miezi michache ya kiangazi tu. Aliyechelewa husubiri mwaka unaofuata huku mkopo wa benki ukihesabu riba.

Ni rahisi basi kuelewa kwa nini mkulima anayemwona kijana na kifaa chake akiomba kupita shambani usiku huwaza: akiwapata, nitakuwa nimejiletea balaa? Waandaaji wa hesabu huwataka wahesabuji waombe ruhusa ya mwenye ardhi kabla, mchana, wakijitambulisha vizuri. Akikataa, hawapiti. Kwa upande mwingine sheria hiyohiyo imezaa ajira. Makampuni ya ushauri wa mazingira huajiri watu kila kiangazi, na uzoefu wa kuhesabu kwa kujitolea huhesabiwa kwa anayeomba kazi hiyo.

Jambo ambalo waandaaji hulisisitiza kuliko yote, na ambalo wapya huwa wagumu kulikubali, ni kuandika sifuri. Mtu ametembea saa mbili, amenyeshewa, hakusikia kitu. Anaona aibu kurudisha fomu tupu. Lakini fomu tupu ni taarifa. Zikiachwa majumbani, zikabaki zile tu zenye popo, taifa litadhani popo wamejaa kila mahali. Muuza duka anayeandika siku za mauzo mazuri tu, akaruka siku ambazo hakuuza, analijua vizuri kosa hilo na mwisho wake.

Huku kwetu

Afrika Mashariki popo hana jina zuri. Kisiwani Pemba na Unguja jina la popobawa liliwatoa watu majumbani usiku mwaka 1995, wakalala nje kwa makundi. Katika miji mingi popo wa darini hufukuzwa kwa moshi kwa sababu ya harufu na uchafu wao. Wakulima wa maembe nao wana malalamiko ya kweli, maana popo wa matunda hula bila kuuliza bei.

Lakini kisiwani Pemba hukohuko kuna mfano wa kuhesabu ulioleta mabadiliko. Popo mkubwa wa Pemba, asiyepatikana mahali pengine popote duniani, aliwindwa kwa ajili ya kitoweo na misitu yake ikakatwa, hadi kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 waliobaki wakawa wachache wa kutia hofu, na baadaye akaorodheshwa kimataifa miongoni mwa viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Katika miaka ya 1990 vilianzishwa vikundi vya hifadhi katika vijiji vyenye maskani yao. Hesabu zilizofuata zilionyesha idadi ikipanda hadi kupita 20,000, na popo huyo akashushwa katika orodha ya hatari. Katika kijiji cha Kidike wageni hulipa kiingilio kuwatazama wakiwa wamening'inia mitini, na kijiji hupata chochote.

Wafanyabiashara wa ubuyu nao wana sababu ya kumtazama popo kwa jicho jingine. Ua la mbuyu hufunguka usiku, na popo wa matunda ni miongoni mwa wachavushaji wake wakuu. Ubuyu unaouzwa kwa pakiti kwenye vituo vya mabasi vya Dar es Salaam na Mombasa kwa sehemu ni kazi yao. Kwa wakulima wa mahindi, viwavijeshi vamizi walioingia Kenya na Tanzania mwaka 2017 hutokana na nondo anayeruka usiku, saa zilezile ambazo popo wa darini wako mawindoni.

Anayetaka kujua ana popo wangapi katika ghala lake hahitaji kifaa cha pauni. Watu wawili wanatosha, kila mmoja upande wake wa paa, wakakaa kabla ya magharibi na kuhesabu wanaotoka, wakitoa wanaorudi, hadi giza litakapozuia macho. Waandike tarehe, saa na hali ya hewa, na warudie tarehe zilezile mwaka unaofuata, wakikaa palepale. Hesabu ya jioni moja haisemi mengi. Ya miaka mitano inasema.

Tahadhari ni moja, na si ya mzaha: popo hashikwi kwa mkono mtupu, awe mzima, mgonjwa au amekufa. Mwaka 2002 huko Scotland mtu aliyekuwa akifanya kazi na popo alifariki kwa kirusi cha jamii ya kichaa cha mbwa baada ya kung'atwa, na tangu hapo mkazo wa chanjo na glovu kwa wanaowashika umekuwa mkubwa. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Mapango yenye popo wa matunda ni ya kuepukwa, kwa kuwa mmoja wao anajulikana kubeba kirusi cha Marburg, ugonjwa uliozuka mkoani Kagera mwaka 2023 na tena 2025. Kuhesabu hufanyika nje, kwa macho, kutoka mbali.